Imezimwa au Imezimika?

Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo gereji nyingi huyachanganya. Taa huzimwa: kuna mkono uliobonyeza swichi. Jiko la mkaa lililosahaulika uani usiku huzimika: hakuna aliyelizima, limeishiwa makaa au hewa, na asubuhi ni majivu matupu. Mtoto anayeanza kuunga maneno haikosei tofauti hiyo. Lakini gari likifikishwa kwa fundi, Sumbawanga au kwingineko, maelezo yanayotangulia ni sentensi moja fupi, "Linazima lenyewe," na hapo tofauti yote imemezwa. "Linazima" haituambii kama kuna aliyezima, na hilo "lenyewe" linafunga mjadala kabla haujaanza, kwa kuwa mwenye gari ameshakubali moyoni kwamba jambo hili halina sababu. Kwa Noah au Corolla ya zamani hasara si kubwa. Injini ya gari la aina hiyo ikinyamaza barabarani, imezimika, basi. Kwa gari la haibridi lenye umri wa miaka kumi na tano au ishirini, mfano Prius iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, sentensi hiyohiyo ina maana tatu zinazopishana kabisa, na mojawapo ni kwamba gari halina ubaya wowote. Ninachotetea hapa ni kwamba hitilafu inayokuja na kuondoka haina mwujiza zaidi kuliko hitilafu ya kudumu. Ni hitilafu yenye sharti, na kazi ya uchunguzi ni kulitafuta sharti hilo kabla ya kumtafuta mkosaji.

Tuanze na mashine. Prius ya kwanza iliingia sokoni Japani Desemba 1997. Ile yenye mgongo mrefu unaoinamia nyuma, ambayo wengi wanaifahamu kwa umbo, ilifuata mwaka 2003. Chini ya boneti yake kuna injini ya petroli ya lita 1.5 na, pembeni yake, mota mbili za umeme zilizounganishwa na injini hiyo kwa seti moja ya giya. Haina klachi, wala haina stata ya kawaida. Mota ndogo ndiyo inayoizungusha injini mpaka ishike moto, na kompyuta ndiyo inayoamua lini iwashwe na lini ilazwe. Nyuma ya kiti cha nyuma kuna betri kubwa ya nikeli yenye vipande 28 na jumla ya volti 201.6. Katika mwendo wa polepole mjini, kwenye msongamano wa sokoni au mbele ya stendi, injini hunyamaza, gari likasogea kwa umeme bila sauti, kisha injini ikawaka tena bila mtu kugusa chochote. Huo ni ukimya wa kwanza, na hapo injini imezimwa. Dereva aliyehamia kwenye Prius kutoka kwenye gari la kawaida hushtuka, na si ajabu akaenda gereji kulalamikia kitu ambacho ndicho alichokilipia.

Ukimya wa pili ni wa injini kushindwa kuwaka wakati sehemu nyingine za gari zi hai. Hapa kuna jambo la kupendeza, hata kama dereva aliyekwama hatalipenda. Kwa kuwa mota inaweza kuendelea kuizungusha injini iliyokufa, gari halikwami ghafla kama lile la kawaida. Linatetemeka, linakosa nguvu, na kompyuta inagundua kwamba injini inazungushwa badala ya kuzungusha. Pembetatu nyekundu huwaka kwenye dashibodi, gari likajikokota kwa betri mwendo mfupi, kisha likasimama. Katika ukimya wa tatu, neno READY linalong'aa kwenye dashibodi linapotea na gari lote linakata kwa mpigo mmoja, injini na mota pamoja. Ukimya wa pili unampeleka fundi kwenye petroli, hewa na cheche. Wa tatu unampeleka kwenye umeme: betri ndogo ya volti 12, rilei, inveta na mfumo wake wa kupoza, betri kubwa. Swali moja kwa dereva, "Injini iliponyamaza, gari liliendelea kusogea au lilikata lote?", linapunguza kazi kwa nusu, na halihitaji hata bisibisi. Linahitaji tu dereva aulizwe, jambo ambalo ni adimu kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu mteja anayesimulia sana huonekana anajifanya fundi.

Sasa lile sharti. Waya uliokatika kabisa humpa fundi kazi ya nusu saa, kwa kuwa umekatika saa zote, mbele ya shahidi yeyote. Waya uliokatika nusu hugusana na kuachana. Gari likipita kwenye matuta linakata, likisimama kwa fundi linawaka vizuri, na mwenye gari anabaki akionekana mzushi. Sensa inayosoma mzunguko wa injini ina waya mwembamba uliosokotwa ndani yake. Joto likiupanua unaweza kuachana, na baridi ikiurudisha unashikana tena, hivyo injini inakufa baada ya mwendo wa saa moja na kufufuka baada ya mapumziko. Pampu ya mafuta imezama ndani ya petroli na petroli hiyohiyo ndiyo inayoipoza, kwa hiyo pampu iliyochoka inaweza kufanya kazi tangi likiwa nusu na kugoma tangi likiwa karibu tupu. Hata kituo cha mafuta ni sharti. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kutia alama kwenye mafuta ili kupambana na uchakachuaji, na tangu enzi zile kuuliza "Ulijaza wapi mara ya mwisho?" si swali la mbea. Katika mifano yote hii kifaa ni kibovu, kweli, lakini ubovu unajitokeza kwa sharti lake tu. Fundi anayeuliza "Kipi kimeharibika?" ana vifaa mamia ya kuchagua. Anayeuliza "Linakata lini, na lini halikati kamwe?" ana pa kuanzia.

Kwa swali hilo, Ufipa, yaani nchi ya juu inayoizunguka Sumbawanga, ni mahali pazuri mno. Wengi huilalamikia nchi hii ya juu kwamba inaua magari. Mimi naiona ni chombo cha kupimia ambacho gereji ya Dar es Salaam haina. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Mgandamizo wa hewa hapo ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani, maana yake kila pumzi ya injini ina hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini yenye afya hailalamiki, kwa kuwa sensa ya hewa hupima kilichoingia na kompyuta ikapunguza petroli kulingana nacho. Lakini sensa hiyo ni waya mwembamba unaopashwa joto, na waya uliovikwa vumbi hudanganya. Halafu kuna kile kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Injini ikiwa inanguruma taratibu tu, bila mguu kwenye pedeli, hewa hupita kwenye upenyo mwembamba kandokando yake, na masizi ya miaka kumi na tano huuziba upenyo huo kidogokidogo. Upenyo uliokuwa ukitosha pwani unaweza usitoshe Ufipa. Gari linaweza kushuka bandarini likiwa jema, likapita Mbeya, likamaliza zile kilomita zaidi ya 220 kutoka Tunduma, na siku chache baadaye likaanza kutetemeka kila injini inapowaka, bila kitu chochote kipya kuharibika njiani. Palepale msemo unazaliwa: gari hili halipatani na Sumbawanga.

Miteremko ndiyo chombo kikubwa zaidi. Kutoka mjini kushukia Bonde la Ziwa Rukwa, au upande wa pili kupitia Matai hadi Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, ni kupoteza karibu mita 1,000 za kimo. Gari la haibridi hukusanya umeme linaposhuka, kwa hiyo mtu angetegemea lifike chini limeshiba na kufurahi. Tupige hesabu. Prius yenye watu wanne na mizigo yao ina uzito wa kama kilo 1,600. Kuishusha mita 1,000 kunaachia nishati ya zaidi kidogo ya kilowati-saa 4. Betri yake nzima hubeba kama 1.3, na kompyuta hairuhusu hata nusu ya hiyo itumike kwa kujaza na kutoa. Betri inajaa mapema sana, mteremko ukiwa bado mrefu mbele, na umeme unaozidi hauna pa kwenda. Hapo mota huizungusha injini bila petroli ili iwe breki, nayo inanguruma kwa sauti kubwa kwenye kona za kushuka huku mguu wa dereva haupo kwenye pedeli. Asiyejua atasema gari limepagawa. Wakati wa kurudi juu mambo hugeuka: betri inaishiwa, injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote, umeme mwingi unapita kwenye inveta, na feni ya betri kubwa inavuma nyuma ya kiti. Feni hiyo huvuta hewa kupitia kitundu kilicho pembeni ya kiti cha nyuma, mahali ambapo vumbi la barabara za vijijini hutua na ambapo gunia la mahindi au begi la abiria hukaa vizuri kabisa. Kwa hiyo gari linalokata likipanda na kamwe halikati likishuka limeshatoa nusu ya ushahidi wake. Asubuhi za Juni na Julai, ambazo Ufipa ni baridi kweli, zinapima kitu kingine: betri ndogo ya volti 12 iliyojificha ndani ya buti. Haiwashi injini, kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga rilei za betri kubwa. Ikichoka, dashibodi huwaka taa kama mti wa Krismasi na hakuna hata moja inayosema ukweli. Mita ya kawaida ya kupimia umeme inatosha: betri iliyopumzika inapaswa kuonyesha kama volti 12.6, na gari likiwa READY karibu 14.

Nitakaa kidogo kwenye kifaa kimoja, kwa sababu kinaonyesha jinsi sharti linavyoweza kufichwa na neno "limepona". Inveta, lile sanduku la metali linalogeuza umeme wa betri uwe wa mota, ina maji yake ya kupoza na pampu yake ndogo ya umeme, mbali na rejeta ya injini. Katika Prius za kizazi hicho pampu hiyo ni mgonjwa anayefahamika. Mwaka 2012 Toyota yenyewe ilitangaza kuyarudisha magari ya haibridi kwa ajili yake. Kuikagua hakuhitaji mashine. Gari likiwa READY, unafungua mfuniko wa kikopo cha maji ya inveta na kutazama ndani. Maji yanapaswa kuchezacheza, kama uji unaokaribia kuchemka. Yakiwa yametulia kama ya mtungini, pampu haisukumi. (Nyaya nene za rangi ya chungwa zilizo jirani haziguswi, inveta hiyo hupandisha umeme hadi volti 500, na hakuna ujuzi wa mtaani unaozuia kifo cha aina hiyo.) Pampu inayokufa haifi siku moja. Hukwama leo, ikagongwa na tuta, ikazunguka tena kesho. Mjini dereva hatajua kitu kwa miezi, kwa kuwa inveta haipati joto la kutosha. Siku atakayopanda kutoka bondeni akiwa na mzigo, READY itapotea. Atakaa pembeni ya barabara dakika arobaini, atawasha, gari litaondoka kana kwamba hakuna kilichotokea, na jioni atasimulia kwamba lilichoka likapumzika. Neno "kupumzika" lina ukweli ndani yake. Kilichopumzika ni joto, na hapo jibu lilikuwa limeshatamkwa bila kusikiwa.

Jina la mji wenyewe, kwa maelezo yanayorudiwa miaka mingi, ni amri: sumba wanga, tupa uchawi. Utani kwamba wachawi wa Sumbawanga hutuma radi umeshachosha na sina nia ya kuuongezea. Ninachokitaka kwenye jina hilo ni fikra iliyomo. Uchawi, ukiutazama kama namna ya kueleza mambo, hujibu "nani" kabla ya kuuliza "lini". Gereji nazo zina mchawi wao, na kwa magari haya mchawi ni betri ya haibridi. Gari likitetemeka ni betri, likikata ni betri, likila mafuta ni betri. Na kwa kuwa betri hiyo ni kitu cha gharama kubwa, kuishutumu kuna uzito wa hukumu. Lakini Ufipa ina historia inayofaa zaidi kuliko utani. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo yenye kimo cha karibu mita 3, ambayo mengine yalibaki yamesimama miaka mingi baada ya kazi yenyewe kukoma. Tanuru hilo halikupulizwa kwa mifuo. Lilijivutia hewa kwa joto lake kupitia matundu ya chini, na chuma kilichotoka kikasafishwa katika tanuru dogo lililokuwa na mifuo. Kazi hiyo ilikuwa na masharti: wayeyushaji walijiepusha na unyumba, na dawa ziliwekwa ndani ya tanuru. Tanuru likigoma, walitafuta sharti lililovunjwa. Siwacheki. Nusu ya fikra hiyo ni sahihi kuliko inavyofikiriwa gerejini, maana walijua kwamba kushindwa hakuji bure na kwamba kuna hali inayopaswa kutimia. Kasoro ni kwamba sharti la unyumba linaweza kueleza kila tanuru lililogoma, na hakuna tanuru linaloweza kulikanusha. "Betri imechoka" nayo imegeuzwa kauli ya aina hiyo, ingawa betri, tofauti na unyumba wa mhunzi, inapimika. Kompyuta ya gari, ikisomwa kwa mashine ya kupimia, huonyesha volti za mafungu yake 14, moja moja. Unapanda kilima huku mwenzako akisoma: fungu lililochoka litaporomoka peke yake wakati mengine yameshikilia. Yakishuka yote kwa pamoja na kurudi kwa pamoja, mshitakiwa ana ushahidi wa kumtoa.

Kuna watakaosema mashine ya kupimia imeshamaliza ubishi huu: unachomeka waya chini ya usukani, namba ya hitilafu inatokea, kifaa kinabadilishwa. Ningependa iwe hivyo. Namba P3191, kwa mfano, inasema injini haikuwaka. Hilo dereva alishalisema mlangoni. Namba huonyesha mahali kompyuta ilipohisi maumivu, na mahali pa maumivu si lazima pawe mahali pa ugonjwa. Chenye thamani zaidi ni kile kinachoandikwa nyuma ya namba, ambacho wengi hawakifungui: kasi ya gari, joto la maji, mzigo wa injini na mizunguko yake katika sekunde ile hitilafu ilipotokea. Hayo ndiyo masharti, yameandikwa na shahidi asiyesahau. Lakini desturi iliyoenea ni kuchomoa betri ndogo kwanza "ili taa ifutike", na mara nyingi kumbukumbu hiyo huondoka pamoja na taa. Polisi anayepiga deki mahali pa wizi kabla ya kuchukua alama za vidole angefukuzwa kazi.

Halafu kuna hitilafu ambazo hakuna kifaa kinachoweza kuzitibu. Mwaka 2005, baada ya malalamiko ya madereva wa Marekani ambao Prius zao zilikata barabarani, Toyota iliita magari kama 75,000 nchini humo. Tatizo lilikuwa katika programu ya kompyuta. Februari 2014 iliita Prius milioni 1.9 duniani, kwa kuwa programu ilikuwa ikiruhusu joto kali kuumiza sehemu za inveta, na katika matukio machache gari lingeweza kusimama. Oktoba 2018 ikaita Prius na Auris milioni 2.4 zilizotengenezwa kati ya 2008 na 2014, baadhi zikiwa zimeshaitwa kabla, kwa sababu matengenezo ya awali hayakuwa yametabiri hali fulani nadra ambayo gari lingekata badala ya kuingia katika mwendo wa tahadhari. Waliolitengeneza gari wenyewe walilikosa sharti mara ya kwanza. Na barua za wito huo zilikwenda kwa wamiliki waliosajiliwa. Gari lililokwisha kuuzwa mnadani na kupakiwa melini halifuatwi na barua mpaka Rukwa. Namba ya chasi inaweza kuulizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani, kazi ya dakika tano, na mtu anaweza kubadilisha nusu ya vifaa vya gari kabla ya kukumbuka kuifanya.

Pingamizi zito zaidi ni la tumbo. Fundi halipwi kwa kufikiri, hulipwa kwa kufungua na kufunga, na mteja anataka gari jioni kwa sababu kesho alfajiri anakwenda Laela au Namanyere. Kubadilisha kifaa kilichotumika, husemwa, ni rahisi kuliko kuchunguza wiki nzima. Hoja hii ina nguvu Ilala, Dar es Salaam, ambako kifaa kingine kiko duka la pili. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko. Kila kubahatisha ni oda kwa simu, mzigo kwenye basi, siku za kungoja, na kifaa kinachofika ni chakavu ambacho hakuna aliyekipima, yaani shaka moja imeongezewa ya pili. Umbali huohuo unaotajwa kuwa sababu ya kutochunguza ndio unaofanya kubahatisha kuwe ghali huku kuliko mahali pengi nchini. Nakubali kwamba vitu vingine havihitaji mjadala: kusafisha sensa ya hewa, kile kisahani na feni ya betri ni kazi ya mchana mmoja, na kuondoa mashaka ya bei nafuu kwanza ni busara tupu. Ila vifanyike kimoja kimoja. Fundi aliyebadilisha plagi, koili na sensa siku moja, gari likatulia, hajui alichokitibu, na mteja amelipia vitatu.

Fundi mzoefu atasema masikio yake yanatosha. Mara nyingi yanatosha. Lakini masikio hayo yalisomeshwa na injini ambazo ukimya wake una maana moja, na uzoefu hukomaa pale tu makosa yanaporudi kumkuta mwenyewe. Hitilafu ya hapa na pale hairudi kwa utaratibu. Ikiwa gari lilikuwa likikata mara moja kila wiki mbili, wiki ya utulivu baada ya matengenezo haithibitishi chochote. Lingeweza kutulia hata kama fundi angelipiga picha tu na kulirudisha. Kifaa chochote kilichobadilishwa wiki hiyo kitapata sifa, na sifa hiyo itahamia kwa mteja anayefuata kama ujuzi. Likikata tena, mwenye gari kwa aibu au hasira huenda gereji nyingine, na yule wa kwanza anabaki akiamini alipatia.

Wapo pia wanaosema gari hili ni la Tokyo, halikuumbwa kwa matuta na magunia, na dawa yake ni kuliuza. Katika jambo moja wako sawa: umeme wa volti mia kadhaa si wa kujifunzia, na asiye na glavu zake na mafunzo yake aziache nyaya za chungwa zilivyo. Lakini magari yaliyosababisha wito wa 2005 yalikuwa kwenye barabara za lami za Marekani, chini ya miaka mitatu tangu yatoke kiwandani. Hayakuwa yamebeba mahindi.

Kifaa cha kwanza cha uchunguzi ningekiweka kwenye droo ya dashibodi: daftari la shule na kalamu, liandikwe na dereva. Ziandikwe hata siku ambazo halikukata, kwa kuwa hizo ndizo zinazochuja. Tuseme kurasa zake zinasomeka hivi. Jumatatu, saa 1 asubuhi, baridi, mjini, tangi nusu: hakuna. Jumanne, kushuka bondeni, injini ilinguruma sana: hakuna. Jumatano, saa 8 mchana, kupanda, magunia mawili nyuma, tangi nusu: limekata lote, READY imepotea, feni ya nyuma ilikuwa ikivuma; dakika 40, limewaka. Alhamisi, mjini: hakuna, maji ya kikopo cha inveta yanacheza. Mstari wa Ijumaa bado haujajazwa isipokuwa mwanzo wake: njia ileile, saa ileile, magunia yameachwa chini.